Mkono Uliofundishwa Kulaza Karata

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu Ipyana, ilikuwa siku ya ukungu, kule milimani juu ya Mbalizi, na kila nikiikumbuka mkono wangu wa kulia unapata baridi kuliko wa kushoto. Nimeikalia kimya miaka yote hii. Hata wanangu wa kuwazaa sikuwaambia, maana hakuna kati yao aliyewahi kuniomba ulichoniomba wewe. Ila tangu juzi sina raha, na sababu yake ni kijiko.

Juzi ulikuja hapa kwangu Mlandege, nikakukaribisha chai. Ukaisimamisha simu yako kwenye kopo la sukari ili ikurekodi, ukachomoa karata, ukaanza kunionyesha. Karata ipo, karata haipo. Kiganja kitupu, vidole vimenyooka, meno yako yote nje. "Bibi, umeona ilikoenda?" Nikasema sijaona. Nilikudanganya, maana niliona vizuri sana, na nilijua kila kidole chako kinafanya nini. Mchezo ule ulikuwa wa mjomba wangu, aliyezikwa kabla mama yako hajazaliwa, na sasa wewe umejifunza kwenye simu. Kisha ukaniomba nikufundishe namna ya kuufanya usionekane kabisa, kwa sababu uliwahi kusikia kwamba mimi bibi yako niliujua zamani.

Ulipoondoka nikaosha vikombe, na kijiko changu kidogo cha chai hakikuwepo. Nikatafuta chini ya meza, kwenye makochi, hata kwenye ndoo ya maganda. Nikakupigia. Ukaapa kwa jina la Mungu kwamba hukukichukua, na sauti yako ilikuwa ya mtu anayesema kweli. Nakuamini, mwanangu. Hilo ndilo linaloniogopesha. Mwizi nisingemwogopa, kwa sababu mwizi anajua alichonacho.

Basi kaa hapo. Karata zako ziweke mezani, na simu izime, haya si mambo ya kurekodi. Mkono wako wa kulia uache hapo juu ya goti. Nitauhitaji baadaye.

Mjomba Lutengano alikuwa kaka wa mama yangu, na kazi yake ilikuwa mazingaombwe. Alizunguka shule za Mbeya na Iringa na sanduku la bati na koti refu jeusi, akitoa mayai kwenye masikio ya walimu wakuu. Siku alipokuja shuleni kwetu, hapa hapa Iringa, nilitembea kifua mbele mpaka wenzangu wakanichoka. Wao walikuwa na wajomba wakulima, mimi nilikuwa na mjomba aliyeweza kuifuta karata hewani. Alikuwa mcheshi, mtu wa watu, lakini hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na mama yake tu, Bibi Sekela, mwanamke wa Kinyakyusa, mfupi, mkali, mwenye viganja vipana vya mtu wa jembe.

Nilipomaliza shule, mama akanituma Mbalizi nikamsaidie bibi shamba. Nilimkuta mjomba amekonda, vidole vinatetemeka, kikombe kinamcheza mkononi mpaka chai inamwagika. Mtu wa mazingaombwe anayetetemeka ni sawa na kinyozi kipofu, nani atamkalia? Alilijua hilo, na lilikuwa linamla kuliko ugonjwa wenyewe. Mayai na vitambaa hakuvijali. Kitu kimoja tu hakutaka kife naye, mchezo wa karata, na katika ukoo mzima aliona mikono inayofaa ni yangu.

"Mpwa wangu," aliniambia, "hii si ya kuchezea lasti kadi kijiweni. Hii inaitwa kulaza."

Unashika karata kwa kidole gumba na vidole viwili vya kati. Vile viwili vya kati unavikunja vipite nyuma yake, kidole cha shahada na kidole kidogo vinaibana kando, kisha unanyoosha vyote kwa mpigo. Karata inapita, inalala mgongoni mwa mkono, na kiganja kinabaki kitupu mbele ya watu. Watu wakidai kuona mgongo wa mkono, unageuza kifundo na karata inarudi kiganjani bila wao kujua. Kusema ni rahisi. Kutenda, uliza ngozi ya katikati ya vidole vyangu. Ilikuwa baridi ya Juni, ile ya Mbeya inayoingia mpaka kwenye mifupa, na vidole vyangu vilipasuka nikawa navipaka mafuta ya mgando asubuhi na jioni. Karata ilianguka, nikaokota, ikaanguka tena. Nilifanya mazoezi nikichota maji, nikichunga jiko, na hata kanisani, mkono ukiwa chini ya kanga, mchungaji akihubiri.

Mjomba hakunisifu hata mara moja. Nilipoweza karata, akanipa kifungo cha shati. Nilipoweza kifungo, akanipa harage, kisha punje ya hindi. Alitaka kila kinachoingia mkononi mwangu kilale chenyewe, bila kungoja amri. Na juu ya hayo aliweka sharti lililonishinda kulielewa.

"Kichwa chako kisipewe habari," alisema. "Ukijua karata ilipo, macho yako yatakwenda kuichungulia, na watu watafuata macho yako. Wewe mwenyewe usijue."

"Sasa mjomba, nisipojua, nitaipataje?"

"Hiyo inaitwa kuamsha. Kuamsha nitakufundisha mvua zikianza. Kwanza laza."

Nilimuuliza yeye aliutoa wapi ujuzi huo. Akasema Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, alikokwenda ujanani kutafuta maisha. Huko kulikuwa na mchimbaji mmoja. Kila walipotoka shimoni walipekuliwa nywele, midomo, mikono, na yule bwana hakukutwa na kitu hata siku moja. Punje za dhahabu zilikuwa zimelala nyuma ya vidole vyake. Mjomba alimbembeleza kwa tumbaku mpaka akamfundisha.

"Akawa tajiri?" nikauliza.

Mjomba akacheka. "Tajiri wa wapi! Mkono ulizoea kuficha bila kumwambia mwenyewe. Akifika chumbani kwake, mkono unazitupia mahali, na yeye hajui ni wapi. Mara ya mwisho nilimwacha anabomoa sakafu ya jiko lake, anauliza wapita njia nani kamwibia."

Na mimi nikacheka. Kijana akisimuliwa habari za aliyepotea, hudhani ni habari za mtu mwingine. Ndiyo maana leo nakutazama usoni ninavyosimulia, na nakuona unatabasamu.

Mazoea yana tabu, walisema. Siku moja tulikuwa tunachambua maharage, mimi na bibi, tumekaa kizingitini. Nikamaliza ungo wangu, nikasimama kukung'uta kanga, maharage yakadondoka chini, mengi tu, kutoka kwenye pindo nililolifunga kiunoni. Sikukumbuka kuyaweka humo. Bibi Sekela aliyaokota moja moja akayarudisha kwenye ungo. Kesho yake kifungo cha gauni lake la kanisani kilipotea nikiwa namshonea, tukakikuta ndani ya chumvi.

"Atupele," akaniuliza, "huo mkono wako unakwendaga wapi?"

"Hauendi popote, bibi."

"Unakwenda," akasema, akaendelea na kazi yake.

Mara ya mwisho mjomba kunipa somo, alikuwa hainuki tena kitandani. Alinipa malkia wa kopa, karata aliyoipenda, kona zake zimelika na sura ya malkia imefifia kwa kushikwa. Akasema laza. Nikalaza. Nikaonyesha kiganja, nikageuza, nikaonyesha mgongo wa mkono. Alinitazama kwa muda mrefu, macho yake makubwa katika uso uliokwisha nyama.

"Iko wapi?"

"Sijui, mjomba," nikasema, na ilikuwa kweli. Niliangalia kwenye mikono ya gauni, kwenye mablanketi, chini ya kitanda. Malkia hakuwepo. Nilidhani mjomba atacheka, hakucheka. Alitikisa kichwa taratibu, kwa namna ya mtu anayefunga mlango wa nyumba anayohama.

"Umeiva," akasema.

Alifariki kabla ya mvua. Wanaume waliomwosha walimwita bibi pembeni, nami nilikuwa nimesimama karibu nikasikia. Walisema mkono wake wa kulia ulikuwa umefumba na hawakuweza kuufumbua, wakauacha hivyo hivyo wasije wakamvunja vidole. Bibi akawashukuru. "Ndaga," akasema.

Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba, kwenye njia ya kwenda shambani. Watu waliimba tenzi, ukungu umeshuka mpaka usingeweza kumwona aliyesimama upande wa pili wa kaburi. Bibi Sekela alikuwa na sharti lake kuhusu udongo, na alilirudia pale mbele ya wafiwa wote. Udongo wa kaburi haurudi nyumbani. Ukitupa, fungua vidole, marehemu aone kwamba umemwachia. Zamu yangu ilipofika nikachota, nikatupa, nikafungua kiganja. Kilikuwa kitupu. Nikanawa kwenye beseni pamoja na wenzangu, nikaingia ndani kukaa na kina mama.

Nilikuwa nimepokea kikombe cha uji nilipohisi ubichi. Nikageuza mkono. Nyuma ya vidole, limebanwa vizuri kabisa, lilikuwa donge la udongo mwekundu, bichi, na lilikuwa limepita kwenye maji ya beseni bila kuyeyuka. Sikupiga kelele kwa sababu ya watu. Nilitoka nikalitupa kwenye migomba, nikapangusa vidole kwenye majani, na sikumwambia mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilianza kuficha siku ile.

Mvua zikaja. Mwaka uliotangulia mavuno yalikuwa mabaya, kwa hiyo mbegu tuliyokuwa nayo ilikuwa ile tu ambayo bibi aliitundika juu ya meko, mahindi yamefungwa kwa kamba, yameingia moshi ili wadudu wasiyaguse. Tulilala na njaa chini ya mahindi yale na hakuna aliyethubutu kuyatazama mara mbili. Kama yasingeota, tusingekuwa na mwaka. Bibi alitangulia na jembe akifukua mashimo, mimi nikamfuata na bakuli, natupia punje na kufukia kwa unyayo. Tulipanda shamba zima. Bakuli likaisha, kamba juu ya meko ikabaki tupu. Kila tulipotoka shambani tulipita kando ya kaburi, bibi mbele na jembe begani, mimi nyuma.

Baada ya siku kadhaa shamba likaota, na kila aliyepita njiani alisimama kulitazama. Mstari unaanza vizuri, kisha pengo. Unaendelea kidogo, pengo tena, kubwa, la kulala mtu. Majirani wakaanza kusema. Wengine walisema mjukuu wa Iringa alikuwa akila mbegu kila bibi akimpa kisogo. Wengine walisema jambo baya zaidi, kwamba mpwa kaachiwa mikoba na mjombake, na mtoto wa namna hiyo arudishwe kwao kabla hajalaza mashamba ya kijiji kizima. Unajua kwetu neno la namna hiyo likishatoka mdomoni halirudi. Kuna watu walichomewa nyumba kwa neno dogo kuliko hilo.

Bibi hakuniuliza mbele ya watu. Aliniita shambani, akachimba kwa kidole mahali penye pengo. Hapakuwa na punje, hapakuwa na ganda. Akachimba pengo jingine.

"Panya angeacha maganda," akasema. "Uliweka mbegu hapa?"

"Niliweka, bibi."

"Unaapa?"

"Naapa kwa Mungu."

Akanitazama usoni, akitafuta. Kisha akavuta pumzi. "Unasema kweli. Basi hapa pana kazi kubwa."

Unaona sasa, mwanangu, kwa nini niliogopa ulipoapa kwenye simu?

Siku ile ya ukungu niliyoanza nayo ndiyo iliyofuata. Ilikuwa mchana, ila jua lilikuwa halijaonekana tangu asubuhi, na migomba ilikuwa inadondosha maji bila mvua. Bibi Sekela alinishika kifundo cha mkono wa kulia, akaniongoza nyuma ya nyumba. Sikuwa nimelitazama kaburi vizuri tangu tupande, nilizoea kupita nimeinamisha kichwa. Alinisimamisha kando yake.

Mahindi yalikuwa yameota juu ya kaburi. Hayakuwa yametawanyika, yalikuwa yamesongamana mahali pamoja, mamia, mabichi, marefu kuliko ya shambani. Yaliota upande mmoja tu, pale ulipo mkono wa kulia wa mjomba.

Nilitaka kukimbia lakini bibi alikuwa bado kanishika. Nikaanza kulia, nikisema si mimi, bibi, sijui, si mimi.

"Nyamaza. Geuza mkono."

"Hauna kitu, bibi."

"Sikukuuliza una nini. Geuza."

Nikageuza. Nyuma ya vidole vyangu zilikuwa zimelala punje tatu za mahindi. Wiki zilikuwa zimepita tangu mbegu yetu iishe, nami sikuwa nimegusa hindi popote. Zilikuwa na joto, na zilinuka moshi wa jikoni kwetu. Hapo ndipo mimi na wewe tunaweza kukaa mpaka jioni tukitafuta maelezo. Nimeyatafuta maisha yangu yote. Mkono uliofundishwa kuficha bila kumwambia mwenyewe, ukipita mahali ambapo mwenyewe hataki kutazama, ndipo utakapotupia. Hayo naweza kukueleza. Zile punje tatu siwezi.

Bibi Sekela hakushtuka. Alizitazama, kisha akalitazama kaburi, na alipozungumza alitumia sauti ile ile aliyotumia kumgombeza mjomba alipochelewa chakula.

"Lutengano. Mtoto wa watu umemfundisha nusu ya kazi, nusu ukaondoka nayo. Haya, iliyobaki nitamaliza mimi. Wewe lala."

Ukungu haukusogea, majani hayakutikisika. Ila kifundo cha mkono wangu, pale alipokishika, kilianza kuchoma, kama mkono uliokuwa umekufa ganzi damu ikianza kurudi.

Nilitegemea tutakwenda kwa mganga, au angalau kwa mchungaji. Bibi alinicheka. "Mganga wa nini? Hapa hakuna uchawi. Hapa kuna mkono umelelewa vibaya. Samaki mkunje angali mbichi, na wewe bado hujakauka." Akapiga magoti pale pale, akaanza kung'oa yale mahindi, moja moja, taratibu ili mizizi isikatike. Akaniambia nipige magoti na mimi. Kila mche niliong'oa nilitakiwa kuukung'uta mpaka udongo wote wa kaburi ubaki kaburini. Kisha tulikwenda shambani, tukafukua kwenye mapengo, tukaanza kuyajaza.

Na hapo ndipo nilipofundishwa kuamsha. Nilitakiwa kuutazama mkono wangu mwenyewe, macho yote, jambo ambalo mjomba alinikataza tangu siku ya kwanza. Nilitakiwa kusema kwa sauti, "Nimeshika." Niweke mche, niseme, "Nimeachia." Kisha nimwonyeshe bibi kiganja, nimwonyeshe mgongo wa mkono, ndipo tusogee. Mwanzoni niliona haya, nilijiona mtoto wa chekechea. Majirani waliopita njiani walisimama wakasikiliza, na bibi akawasalimia na kuwaambia waendelee na safari, hapa kuna darasa. Mara kadhaa niliposema nimeachia, bibi akageuza mkono wangu na mche ukawa bado upo, umelala nyuma ya vidole. Hakunipiga. "Rudia," alisema tu. Nilirudia nikilia kwa hasira, kwa sababu hakuna aibu kubwa kuliko kudanganywa na mkono wako mwenyewe.

Siku za mwisho mwisho mkono ulianza kuniuma usiku na mchana, bibi akafurahi. Alisema kinachouma kimeamka. Mvua ilitusaidia, maana mahindi ya kuhamisha huwa manyonge, lakini mengi yalishika. Mavuno hayakuwa ya kujisifia, ila tulikula mwaka ule, na majirani walipokuja kuomba mbegu, bibi alinipa mimi niwagawie, kwa mikono miwili, mbele ya macho yao. Maneno yakaisha taratibu. Mahindi yaliyotoka kaburini yalikuwa na ladha ya mahindi.

Wewe unajua nilichokuja kuwa. Nimekuwa mkunga hapa Iringa mpaka nikastaafu, na nusu ya vijana wa Mlandege waliingia duniani kupitia mikono hii, ukiwemo wewe ambaye ulinipiga teke. Akina mama walikuwa wakinicheka. Nikimpokea mtoto, nikimkabidhi kwa mamaye, nasema kimoyomoyo nimeachia, kisha nasimama hapo kwenye mwanga nageuza mikono yangu, mbele na nyuma. Walidhani natafuta damu. Sikuwahi kuacha kuogopa, mwanangu, na sioni haya kukwambia hivyo.

Karata za mjomba ninazo, zipo kwenye lile kopo juu ya kabati. Zote zipo isipokuwa malkia wa kopa. Watu wa mazingaombwe wangekwambia lazima ipo mahali. Mimi nadhani najua ipo wapi, na mkono gani umeifumba, na sitachimba.

Sasa sikiliza ninalokushauri. Sikukatazi mchezo. Wanaokaa mbele yako wamekuja kudanganywa, wamekubali, watacheka, watarudi nyumbani salama. Mkono mtupu haulambwi, na kama hizo video zako zitakupatia riziki, sawa, usiache. Lakini usimruhusu mtu yeyote, wa simu wala wa kaburini, akufundishe kuficha mpaka wewe mwenyewe usijue. Ukificha kitu, jua umekificha. Ukichukua, jua umechukua. Ukisema huna, uwe umetazama kwanza. Mtu anaanza na karata, anakwenda kwenye harage, halafu siku moja anaapa kwa Mungu kwamba hana kinyongo, hana deni la mtu moyoni, hakumwumiza yeyote, na anaapa kwa dhati kabisa, huku vyote vimelala nyuma ya mkono wake, vinaota mahali asikopenda kutazama. Nitakufundisha, ila nitaanza na kuamsha. Kulaza utakuja kujifunza baadaye, na kama utachoka kabla hatujafika huko, nitamshukuru Mungu.

Njoo basi mlangoni, hapa penye mwanga. Mungu wa Bibi Sekela akupe mkono unaojua ulichoshika, na moyo wa kukiachia. Akupe macho yasiyoogopa kutazama nyumbani kwako mwenyewe. Utakaowapa wapokee, na utakaowazika walale. Amina.

Najua unasema hauna kitu. Nimekusikia, na nakuamini. Geuza mkono, mwanangu, taratibu, tutazame wote wawili.